Mama Aliko Alivyotupeleka Lusaka Tukarudi Wazima

Barua ya mwaliko ilipofika Ibaba, mwenyekiti wa kwaya yetu, Mwalimu Andongwisye, aliisoma mara mbili mbele ya watu. Mara ya kwanza aliisoma kawaida, mara ya pili kama anahubiri. Tamasha la kwaya, siku nne, Lusaka. Kwaya tisa kutoka nchi nne, na sisi wa milimani tumo. Akina mama walipiga vigelegele, na vijana wa besi wakaanza kubishana nani atakaa dirishani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na naimba sauti ya pili. Nilishaanza kuwaza kitambaa cha sare.

Kelele zilipopungua, Mama Aliko akasimama. Jina lake ni Gwantwa Kibona, lakini hapa kwetu tunamwita kwa mtoto wake wa kwanza. Ni mwembamba, mfupi, na anaongea taratibu kiasi kwamba ukiwa na haraka utaumia.

"Huko tutakunywa maji gani?" aliuliza.

Watu walicheka. Mwenyekiti alimjibu kwamba Lusaka ni jiji kubwa, maji yanatoka bombani, siyo kama sisi tunaoteka mtoni. Mama Aliko akasema redio imetangaza wagonjwa wa kipindupindu katika baadhi ya mitaa ya huko, mvua zimeshaanza, na kabla hajatia jina lake kwenye orodha anataka kujua. Akakaa. Kicheko kikapungua kidogo, lakini hakikuisha.

Waliocheka wengi hawakujua alikotoka, na mimi mwenyewe nilikuja kujua baadaye. Gwantwa alizaliwa hapa hapa Ibaba na kuolewa na Lusubilo, fundi seremala. Wakiwa bado vijana walihamia Tunduma, na yeye na mdogo wake Tumpale wakafungua kibanda cha chakula karibu na maegesho ya malori. Walipika wali na maharage kwa madereva waliokuwa wakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Biashara ilikuwa nzuri. Kisha mwaka mmoja, wakati wa masika, ugonjwa ukaingia mjini. Tumpale alianza kuharisha alfajiri. Wakasema labda amekula kiporo. Wakasubiri shemeji yao, ndugu wa Lusubilo, arudi kutoka Nakonde ndiyo waamue. Wakasubiri mvua ikatike ili wapate usafiri. Jua lilipokuwa utosini Tumpale alikuwa hana sauti, macho yameingia ndani, na kabla ya saa kumi alikuwa amekufa. Alikuwa na miaka ishirini.

Gwantwa alifunga kibanda akarudi milimani. Kijiji kilipotafuta watu wa kujitolea wafundishwe uhudumu wa afya ya jamii, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Sasa ni mwaka wa kumi na tisa anapanda na kushuka vilima hivi, akipima watoto, akikagua vyoo, akiwakumbusha wajawazito kliniki. Watu wanamheshimu na wanamkwepa. Ukimwona anakuja, unakimbia kufunika mtungi.

Wiki mbili baada ya ile barua, mwenyekiti mwenyewe alimfuata nyumbani. Wazazi wa vijana walikuwa wamegoma kuruhusu watoto wao waende bila mtu mzima wa kuwaangalia afya, na wote walitaja jina moja. Mama Aliko alikubali, ila kwa masharti. Kila mtu achanjwe homa ya manjano mapema na awe na kadi yake ya njano mkononi. Wenye dawa za kila siku, kama mwenyekiti na presha yake, wabebe za kutosha na akiba ya wiki, tena kwenye mkoba wa mkononi. Hakuna kusafiri usiku. Hakuna mtu kutembea peke yake huko ugenini, hata kwenda chooni. Na maji yote ya kunywa yatapita mikononi mwake.

"Mama Aliko, tunakwenda kuimba, hatuendi vitani," mwenyekiti alimwambia.

"Basi tutaimba tukiwa na nguvu," alijibu.

Tuliondoka Ibaba alfajiri moja ya Desemba, ukungu umelala juu ya mashamba ya pareto. Tulikuwa waimbaji ishirini na wanne ndani ya Coaster ya Yassir, dereva wa Tunduma aliyezoea barabara ya Zambia. Nyuma kabisa, pale vijana walipotaka kuweka spika, kulikuwa na masufuria mawili makubwa, ndoo mbili zenye koki, jiko la gesi, sabuni, na sanduku la vyandarua. Spika ilikaa mapajani mwa vijana wa besi mpaka Mpika, ndani ya Zambia.

Pale mpakani, afisa afya alikagua kadi zetu za njano moja baada ya nyingine, akauliza nani ametupanga vizuri hivi. Kwaya nyingine iliyokuwa mbele yetu ilikuwa imekwama tangu asubuhi kwa sababu watu saba hawakuwa na kadi. Mwenyekiti alitazama pembeni. Tangu hapo aliacha kuguna kila masufuria yalipogongana.

Tulilala Mpika, tukaendelea kulipopambazuka, na alasiri ya siku ya pili tukaingia Lusaka. Wengi wetu hatukuwahi kuona barabara pana namna ile. Tulifikia katika shule ya bweni iliyokuwa imefungwa kwa likizo, na kwaya zote tisa zikapangiwa mabweni. Mwenyeji wetu alikuwa mama mnene, mchangamfu, aitwaye Mama Nambeye. Alizaliwa Nakonde, Kinamwanga ndiyo lugha yake, na Kiswahili anakiongea kama sisi tu. Alitukumbatia mmoja mmoja. Kisha wakaja wasichana wawili na ndoo ya munkoyo, kinywaji chao cha mahindi, kinachofanana na togwa. Walituchotea kwenye vikombe huku wakipiga magoti.

Mama Aliko alisogea karibu na mmoja wa wale wasichana, akamuuliza kwa upole, mimi nikimtafsiria, kimetengenezwaje. Msichana akaeleza kwamba uji unapikwa, unawekwa mizizi, halafu kikiwa kizito kinaongezewa maji ya bomba. Mama Aliko akageuka akatuambia kwa Kindali, lugha yetu, kwa sauti ya chini, tusinywe.

Sisi wa kule kwetu kukataa kinywaji cha mwenyeji ni kumtukana. Mwenyekiti alimvuta pembeni, uso umemwiva. Alimwambia anatuaibisha mbele ya watu waliotuita kwa heshima, kwamba kikombe kimoja hakiwezi kuua mtu, na kwamba yeye ndiye kiongozi wa msafara. Sisi wengine tulisimama na vikombe mikononi kama watoto waliokamatwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Aliko hakubishana naye. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Nambeye, akampigia goti kidogo na kumshika mikono yote miwili.

"Dada yangu," alisema, "nilimzika mdogo wangu kwa ugonjwa wa maji. Hawa watoto nimekabidhiwa na mama zao. Usinihesabu kuwa nina dharau. Nipeleke jikoni kwako nikusaidie kupika, tukichemsha pamoja tutakunywa pamoja."

 Mama Nambeye akaniambia mimi niliyekuwa karibu nipokee vikombe vyote nirudishe kinywaji kwenye ndoo. Akasema kwamba hata yeye mtaani kwake wamezikwa watu watatu mwezi ule, ila aliogopa kuwatisha wageni. Wakaondoka wawili hao kuelekea jikoni wameshikana mikono kama waliozaliwa tumbo moja. Jioni hiyo tulikula nshima, ugali wao, na kapenta, dagaa wa huko, vikitoka motoni, na munkoyo mpya uliotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa mpaka yakatokota. Mwenyekiti alikunywa vikombe vitatu.

Kesho yake, kabla hata ya mazoezi, Mama Aliko alimchukua Witness, binti mmoja wa sauti ya kwanza, wakatoka getini. Tulidhani wanakwenda kuangalia maduka. Kumbe alikuwa anatafuta kituo cha afya. Walikipata mtaa wa tatu, wakaingia, wakasalimia, wakauliza kinafunguliwa saa ngapi na kama mgeni anapokelewa. Walirudi na namba ya simu ya muuguzi. Alimwamuru Yassir apitie njia ile kwa gari mara mbili, kwenda na kurudi, na kila jioni ageuze gari litazame getini. Halafu akatuandikia kila mmoja kwenye karatasi jina la shule, mtaa, na namba ya Mama Nambeye, tuweke mfukoni.

Siku hiyo hiyo alikuja bwana mmoja nadhifu, beji shingoni, akisema ametumwa na ofisi ya tamasha kukusanya hati za kusafiria zikaandikishwe. Vijana walikuwa wameshaanza kuzitoa. Mama Aliko akamwomba asubiri kidogo amwite Mama Nambeye waende wote ofisini. Yule bwana akasema anakwenda kwanza bweni la jirani. Hakuonekana tena, na ofisi ya tamasha haikumfahamu.

Tuliimba siku ya kwanza, tukapokelewa vizuri. Kiitikio chetu cha Kindali kiliwafanya Wamalawi wasimame, maana walikisikia nusu nusu kama lugha yao. Aliyekuwa akiongoza ni Lusungu, kijana wa miaka ishirini na miwili, mwenye sauti inayopanda bila kukwama. Alikuwa ndiye fahari yetu. Siku ya tatu ndiyo ingekuwa siku kuu, mbele ya watu elfu kadhaa, na wimbo mzima ulisimama juu ya koo lake.

Asubuhi ya siku hiyo, saa kumi na mbili na nusu, Lusungu alikwenda chooni. Alirudi, akaenda tena. Mwenzake aliyepangwa naye alihesabu mara nne ndani ya muda wa kuvaa viatu, akakimbia kwa Mama Aliko. Mama Aliko alimkuta Lusungu amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, anatabasamu kwa aibu. Alikiri kwamba jana yake, wakitoka ukumbini, walipita stendi ya mabasi, joto likamzidi, akanunua juisi ya baridi ya kwenye kifuko. Mwenzake hakunywa. Yeye alikunywa viwili.

Mama Aliko alimfinya ngozi ya nyuma ya kiganja, akaangalia inavyochelewa kurudi.  Alitaka lita moja ya maji yaliyochemshwa na pakiti ya ORS, akakoroga, akaanza kumnywesha kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko. Alipotapika, alisubiri dakika chache akaanza upya. Wengine alituamuru tunawe kwa sabuni na tusiingie kile choo.

Mwenyekiti alikuja akifunga tai. Aliposikia, alikaa kwenye kitanda cha jirani. Alisema tuvumilie saa moja, pengine tumbo litatulia, na waandaaji wakifika tutawauliza wanashauri nini. Kumpeleka kijana kwenye kituo kwa ugonjwa kama huo, alisema, kungefanya kwaya nzima ifungiwe, na safari yote iwe bure.

Mama Aliko hakuacha kumnywesha.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilishasubiri mara moja. Nilisubiri shemeji, nikasubiri mvua. Leo sisubiri mtu. Wakitufungia watufungie, lakini Lusungu anakwenda sasa hivi."

 Mwenyekiti akasimama, akamshika Lusungu mabegani, Mama Aliko akashika ndoo, na Yassir alikuwa ameshawasha gari. Lilikuwa limetazama getini. Kutoka bweni mpaka mlango wa kituo walitumia dakika tisa, na njia nzima Mama Aliko aliendelea na kijiko chake.

Mimi nilikuwa ndani ya gari, ndiyo maana najua. Muuguzi aliyetupokea ni yule yule aliyesalimiwa siku ya kwanza. Alimlaza Lusungu kwenye kitanda cha peke yake, akamtundikia dripu kwenye mikono yote miwili. Daktari alipofika aliuliza nani alimwanzishia maji ya ORS na tangu saa ngapi. Mama Aliko akamtajia saa na vijiko. Mimi nilikuwa natafsiri Kiingereza, na daktari alisema kwamba wanapokea watu wa rika hili waliokaa nyumbani mpaka mchana, na baadhi yao hawaondoki. Huyu, alisema, ataondoka.

Kilichofuata wengi wangekificha. Mama Aliko alimweleza daktari kila kitu: shule ile, kwaya tisa, watu zaidi ya mia mbili, wanakunywa maji ya bomba moja. Ndani ya saa moja maafisa afya walikuwa shuleni na mabomba ya kupulizia dawa. Walisafisha vyoo, wakatupima sisi sote, wakatia dawa kwenye tangi. Katika kwaya nyingine waligundua watu wawili walioanza kuharisha wakanyamaza wasije wakakosa tamasha. Walipelekwa, wakapona wote. Kwetu hakukuwa na mwingine hata mmoja. Maafisa waliona zile ndoo zetu zenye koki, sabuni pembeni, wakauliza ni za nani. Mama Nambeye akawaonyesha kwa kidole.

Afisa mkubwa wao akaruhusu tamasha liendelee, lakini nje uwanjani, watu wakinawa getini. Saa sita mchana masufuria ya Ibaba yalikuwa yanatokota mbele ya mabweni, na foleni ya watu kutoka nchi nne imejipanga na chupa. Mama Aliko alisimama hapo na bakuli la kuchotea. Kwa lugha alizokuwa nazo na zile asizokuwa nazo, aliwaonyesha namna ya kuchanganya sukari vijiko vidogo sita na chumvi nusu kijiko kwenye lita moja ya maji safi, kwa ajili ya siku ambayo pakiti hazipo. Mama mmoja wa Kikongo aliandika kwenye kiganja chake.

Tulibaki bila Lusungu na wimbo ulikuwa saa tisa. Mwenyekiti alitukusanya. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema anayejua mistari ya Lusungu ajitokeze, na kama hayupo tutaimba tu kiitikio. Witness akasema anaijua. Alikuwa hajawahi kuongoza wimbo hata kanisani.

Mstari wa kwanza ulimtoka mwembamba, nikafikiri tumekwisha. Mstari wa pili ukanyooka. Tulipoingia na kiitikio, jambo fulani lilitushika sote. Tulijua kuna kitanda mtaa wa tatu chenye kijana wetu anayepata nafuu. Tuliimba kama watu waliorudishiwa kitu walichokwisha kukilia. Witness alipanda mpaka pale ambapo Lusungu hupanda, akakaa huko huko. Watu walisimama kuanzia mbele, wakaendelea kusimama mpaka nyuma. Wamalawi walikuwa wanaimba nasi. Tulirudishwa jukwaani mara mbili, na mara ya pili Mama Nambeye alipanda akamsukuma Mama Aliko mbele kabisa, aproni yake imelowa, bakuli bado liko mkononi. Uwanja mzima ulimpigia makofi. Alitutazama kama vile anatuhesabu.

Waandaaji walitaka turudi siku iliyopangwa. Mwenyekiti, bila kuulizwa na mtu, alisimama akasema kwaya ya Ibaba haiondoki na kiti kitupu. Tukakaa siku mbili zaidi. Lusungu alitoka kituoni amekonda, suruali imemlegea, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumpigia Mama Aliko magoti pale pale mlangoni, mbele ya wagonjwa. Alimwambia, "Mama, nisamehe." Naye akamwambia ainuke haraka, sakafu ya kituo cha afya siyo mahali pa kuweka mikono. Kisha akamkumbatia mpaka kofia yake ikadondoka.

Mama Nambeye alitusindikiza mpaka nje ya jiji. Aliomba sufuria moja libaki kwake, na aliomba pia jambo kubwa zaidi: kwamba mwaka kesho Mama Aliko aje wiki moja kabla ya wengine, awafundishe wapishi na walezi wa mabweni yote. Barua ya hilo ilifika kweli mwezi wa tatu, ina jina lake, siyo la kwaya.

Tulipofika Isongole, karibu na nyumbani, simu zilianza kuita. Ibaba walikuwa wameshajua. Kwenye kona ya mwisho kabla ya kanisa, barabara ilikuwa imejaa watu na ngoma. Mama yake Lusungu hakusubiri gari lisimame. Mwenyekiti alipanda kwenye ngazi za kanisa, akavua miwani, akaanza kusimulia. Ni mtu anayependa kujipamba katika masimulizi, lakini siku hiyo alieleza mambo yote yalivyokuwa, pamoja na pale alipotaka tusubiri. Alieleza pia habari za munkoyo. Watu walicheka, naye akacheka nao.

Walipomtafuta Mama Aliko aje kusema neno, hakuonekana. Tulimkuta kwenye kiti cha mbele cha Coaster, kichwa kimeegemea kioo, amelala fofofo. Alikuwa hajalala vizuri tangu tulipovuka mpaka wakati wa kwenda. Mzee Lusubilo, mume wake, alimfunika kwa koti lake, akafunga mlango polepole, akatuomba ngoma zisogezwe kidogo upande wa pili wa kanisa. Tukazisogeza, tukaimba huko mpaka ukungu ukashuka.